Vidonge vya Ijumaa

Karakana ya vioo ilikuwa mwisho wa barabara ya mafundi, kati ya fundi redio na duka la rangi, na aliyeiendesha alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vioo. Kazi alifundishwa na mumewe. Mume alipofariki, watu walikaa mkao wa kusubiri waone meza na rula zile atamuuzia nani. Hakumuuzia mtu. Alimwita wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwenye mabega ya mchukuzi na mdomo usiojua likizo, wakagawana kazi. Mama Vioo alipima na kukata. Wifi alibeba na kubandika.

Kioo hakikatwi kwa nguvu, hukatwa kwa mkono unaojua unachokitaka. Unakilaza juu ya meza iliyotandikwa zulia kuukuu, unachovya kikata kwenye mafuta ya taa, unakivuta mara moja tu, bila kurudia, halafu unakishika kioo pande mbili za mstari uliochoreka na kukikunja kidogo. Tak. Mama Vioo alikuwa na mkono huo. Ndiyo maana ugonjwa ulipomwanza kwenye vidole, miaka saba kabla ya mambo ninayoyasimulia, aliogopa kuliko ambavyo angeogopa kupofuka.

Ulianza asubuhi moja aliposhindwa kufunga vifungo vya blauzi. Vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimekakamaa, vimevimba kwenye mafundo, na vilikaa hivyo hadi saa nne ndipo vikalegea. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Hospitali walimwambia ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, inaugeukia mwili wenyewe na kuyala maungio. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo geni, lakini halikuwa geni. Mama yake mzazi alikufa na vidole vilivyopinda kama mizizi ya tangawizi, baada ya miaka minne ya kulishwa kwa kijiko. Ugonjwa wake haukupata kutajwa jina na mtu yeyote. Kijiko alikishika yeye, Mama Vioo.

Bahati yake, dawa zilikuwa zimekuja. Daktari wa maungio alikuwa bwana wa makamo, mpole, ambaye kila akibonyeza kiungo cha mgonjwa husema "pole, pole," mpaka wagonjwa kwenye benchi wakambandika jina la Bwana Pole. Alimwandikia vidonge vidogo vya manjano, sita, vya kunywa siku moja tu kwa wiki. Wakachagua Ijumaa.

"Ijumaa tu, mama," Bwana Pole alimwambia, na safari hii hakusema pole. "Siku nyingine usiviguse. Hii dawa ni rafiki mkali."

Akavinywa Ijumaa kwa miaka saba, pembeni ya kidonge cha presha alichokinywa kila asubuhi. Vidole vikatulia. Havikurudi kuwa vya msichana, kifundo cha mkono wa kushoto kilibaki dhaifu kidogo, lakini kazi ilikwenda, na hofu ikajikunyata pembeni mithili ya paka aliyefukuzwa jikoni.

Basi siku moja, Jumatano, alfajiri, Mama Vioo aliamka kwa sababu shuka ilikuwa imemgusa mguu.

Shuka tu. Nyepesi, ya pamba. Ilikuwa imelalia kidole gumba cha mguu wa kulia, na maumivu yaliyomwamsha yalikuwa kama mtu amekibana kidole mlangoni na anaendelea kuusukuma mlango. Aliwasha taa. Kidole kilikuwa chekundu, kimetuna, kinang'aa, chenye moto wake peke yake. Jana yake alitembea vizuri. Jana yake alipanda ngazi kupima dirisha.

Alikaa ukingoni mwa kitanda akikitazama. Kumbe umeshuka miguuni, akajisemea. Dawa imeshindwa. Sasa ndiyo safari ya mama.

Wifi alipofika karakana alimkuta ameketi, amevaa kandambili mguu mmoja na kiatu mguu mwingine.

"Wifi, hiyo ni fasheni gani? Mguu mmoja unakwenda kazini, mwingine unakwenda kuoga?"

"Nimejikwaa kitandani."

"Kitanda chenyewe kimepona lakini?"

Akacheka, Mama Vioo naye akacheka, kijasho chembamba kikimtiririka mgongoni. Hakumwambia. Kumwambia wifi kungekuwa kuambiwa twende hospitali sasa hivi, na hospitali Bwana Pole angekitazama kile kidole, angesema pole, halafu angesema lile jambo. Alikwisha kulisikia kichwani mwake kwa sauti ya yule daktari, neno kwa neno. Mtu akishaambiwa, imekuwa. Asipoambiwa, bado haijawa. Ndivyo hofu inavyopiga hesabu zake.

Mchana huo alinunua dawa ya maumivu duka la jirani. Jioni alifungua kopo la vidonge vya manjano, lililokuwa na dawa ya miezi mitatu kwa kuwa kliniki ilikuwa mbali, akavitazama. Kama sita kwa wiki vimeshindwa kuuzuia ugonjwa, si ni kwamba havitoshi? Akachukua viwili akameza. Kesho yake viwili. Ijumaa akanywa sita kama kawaida, Jumamosi akarudi kwenye viwili.

Na ajabu ni kwamba kidole kikapoa. Siku ya tano wekundu ulipungua, siku ya saba akavaa viatu vyote viwili, na siku ya nane akatembea hadi duka la rangi bila kuchechemea. Hakujua, na hakukuwa na wa kumwambia, kwamba maumivu ya namna ile huondoka yenyewe baada ya wiki hivi, unywe dawa au unywe maji. Yeye aliona ameyaweza. Akaona ameukamata ugonjwa shingoni, na akiuachia tu utainuka. Basi akaendelea na viwili kila siku, kwa siri, kila jioni, akimeza haraka haraka kama mtu anayeiba.

Vidonda vya mdomoni vilianza siku ya tisa. Kwanza kimoja ndani ya shavu, kisha vitatu, kisha ulimi mzima ukawaka. Alijitia hamnazo. Chai akaiacha ipoe kabisa ndipo anywe. Wifi aliona.

"Mbona unakula kama unahesabu punje?"

"Jino."

"Wiki jana kitanda, wiki hii jino. Wiki ijayo utanishtakia kidevu."

Lakini macho ya wifi hayakucheka. Alikuwa ameona pia alama za samawati mikononi mwa Mama Vioo, kama za mtu aliyefinywafinywa, na ameona anavyokaa kila akimaliza kukata kipande kimoja, akihema.

Siku ya kumi na moja walikuwa wakikata kioo cha mlango wa zahanati ya meno. Mama Vioo alivuta mstari, ukaja safi. Akashika pande mbili, akakunja, tak, na ukingo ukamgusa kidole gumba cha mkono wa kulia. Mkwaruzo tu. Kwa mkata vioo, mkwaruzo ni salamu za asubuhi. Alikinyonya, akakifunga kitambaa, akaendelea.

Kitambaa kikalowa. Akakibadilisha. Cha pili kikalowa nacho. Alikaa kwenye kiti akakibana kidole kwa nguvu zote, akahesabu hadi mia tatu, akakiachia, na damu ikaja tena, taratibu, bila haraka, kama bomba ambalo halikufungwa vizuri. Ilikuwa saa nne na nusu. Saa tano na robo bado ilikuwa inakuja. Palikuwa na madoa kwenye zulia la meza na matone mpaka mlangoni, na kidonda chenyewe kilikuwa hakizidi urefu wa punje ya mchele.

Mama Vioo alikwisha kuona damu maisha yake yote. Hakuwahi kuona damu isiyosikia. Alimtazama wifi, midomo imemkauka, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

"Wifi, haikomi."

Wifi alifunga karakana, akamshika mkono ulio mzima, wakaenda.

Hospitali walimtoa damu nyingine, ya kupima, na majibu yaliporudi watu wakaanza kutembea haraka. Alilazwa chumba cha peke yake. Muuguzi aliyeingia alikuwa amevaa barakoa, akamwambia na wageni wake watavaa, na matunda yasiyomenywa yasiingie. Mama Vioo aliuliza kwa nini. Muuguzi akasema daktari atamweleza. Hakuna sentensi inayomtisha mgonjwa kama hiyo.

Bwana Pole alikuja, akavuta kiti, akakaa. Kukaa kwake nako kulimtisha. Madaktari wenye habari njema husimama.

"Mama, chembe zako za damu zimeanguka. Zinazogandisha damu, zinazopigana na vijidudu, zote. Figo nazo zimechoka. Nataka nikuulize jambo. Vile vidonge vya Ijumaa, unavinywaje?"

"Ijumaa."

"Sita?"

"Sita."

"Na siku nyingine?"

Mama Vioo alitazama ukuta. Wifi, nyuma ya barakoa, alimtazama Mama Vioo.

"Hakuna anayekushtaki," Bwana Pole alisema. "Lakini kuna sindano ya kupambana na dawa hiyo ikizidi mwilini, na natakiwa nijue sasa, si kesho."

Ndipo akasema. Alisema yote, viwili kila jioni, dawa ya maumivu ya dukani, kidole cha mguu, shuka. Alisema akilia, na chumvi ya machozi ilipofika kwenye vidonda vya mdomo ikamchoma. Bwana Pole alisikiliza, akainuka, akaagiza sindano kabla hajafika mlangoni.

Wifi alibaki. Mlango ulipofungwa, hasira zikamtoka.

"Unajua ulichotaka kunifanya? Ulitaka nikuzike. Nilimzika kaka yangu, na wewe ulitaka kuongezea. Na ningekuzika nikidhani una jino!"

"Niliogopa, wifi."

"Mimi nisingeogopa? Ungenipa nusu ya huo uoga nikubebee. Kazi yangu si kubeba?"

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za kuhesabiwa pumzi. Homa ilipanda. Kila asubuhi walichukua damu, na Mama Vioo alijifunza kusoma nyuso: muuguzi akiingia na macho yameinama, chembe hazijapanda. Alilala akiwaza kwamba amejiua mwenyewe kwa mikono yake, na ya kuwa wifi hajui kupima dirisha la mviringo. Siku ya nne muuguzi aliingia akiwa anaimba puani. Chembe zilikuwa zimeanza kupanda.

Siku ya saba, alipokuwa amekwisha kuruhusiwa kuketi dirishani, goti la kushoto likavimba.

Lilivimba kati ya kifungua kinywa na saa sita. Lilikuwa jekundu, moto, na halikutaka hata upepo wa feni. Mama Vioo hakupiga kelele. Alilala chali, akafumba macho. Nimeuacha ugonjwa siku chache tu, akawaza, na tayari umefika gotini. Akaona kiti cha mama yake, kile cha mbao chenye mto, kama kimesogezwa hapo kando ya kitanda.

Bwana Pole alilitazama goti kwa muda mrefu bila kulibonyeza.

"Kile kidole cha mguu," akasema, "kilikuja ghafla namna hii?"

"Ghafla. Nililala mzima."

"Upande mmoja tu? Na mikono ilikuwaje siku hiyo?"

Mama Vioo alifumbua macho. Mikono? Hakuwa ameifikiria. Mikono ilikuwa salama. Siku ile ile alikata vioo vinane.

"Damu yako sasa inaganda vizuri," Bwana Pole alisema. "Nataka nitoe maji kwenye hilo goti niyaangalie. Pole, sindano itauma."

Iliuma. Wifi alimpa mkono wake aubane, baadaye akasema vidole vyake ndivyo vinavyohitaji kulazwa. Maji yaliyotoka yalikuwa ya manjano, mazito, yamechafuka kama maji ya mchele. Bwana Pole aliyabeba mwenyewe. Saa nzima Mama Vioo alisikiliza hatua za korido, na kila zilizokaribia mlango moyo ulimruka, na kila zilizopita ulimruka vilevile.

Aliporudi alikuwa ameshika simu yake. Aliigeuza ili aone picha aliyopiga kwenye hadubini. Katika ule weusi palikuwa na vijiti vyembamba, vyenye ncha pande zote mbili, vinang'aa.

"Hivi ni nini?" Mama Vioo aliuliza, ingawa mwili wake ulikwisha kumjibu. Alikuwa ametoa vipande vya kioo vya namna hiyo kwenye viganja vyake kwa miaka thelathini, kwa kibano na mwanga wa dirisha.

"Ni fuwele. Kuna taka ya mwili inayotakiwa kutoka kwenye mkojo. Ikizidi kwenye damu, inaganda ndani ya kiungo kama sindano. Ugonjwa huu unaitwa gauti, wengine huuita jongo. Hiki ndicho kilichokuwa kidoleni, na ndicho kilichoko gotini."

"Kwa hiyo si baridi yabisi?"

"Baridi yabisi unayo. Na gauti unayo. Yote mawili."

Wifi alishusha barakoa. "Daktari, moja lilikuwa halitoshi?"

"Watu wengi hawayapati pamoja, na hata sisi hujisahau. Mtu akishakuwa na moja, kila maumivu tunamtwisha lile lile." Alimgeukia Mama Vioo. "Na ile dawa yako ya presha, ya kukojoza, imechangia. Inazuia ile taka isitoke. Nitaibadilisha. Lakini sikiliza, mama. Siku ile ya shuka, vidonge vya Ijumaa vilikuwa havijashindwa. Vilikuwa vinafanya kazi yake. Ulikuwa unampiga asiyehusika."

Hapo mtu angetegemea afurahi. Hakufurahi. Alilala akiwaza kwamba kushindwa na ugonjwa mmoja ni jambo moja, lakini sasa ndani ya mwili wake kulikuwa na wawili, hawajuani, hawapeani zamu, na yeye ndiye mlinzi wa mlango asiyejua nani anabisha.

Aliruhusiwa wiki iliyofuata, na dawa ya kutuliza goti, na dawa nyingine ya kupunguza ile taka, kidonge kimoja kidogo cha kila siku, ambacho Bwana Pole alisema atakiongeza pole pole kwa sababu mwanzoni kinaweza kuziamsha fuwele. Vidonge vya manjano vilisimamishwa kwanza mpaka figo zipone. Basi baridi yabisi, iliyokuwa imefungiwa miaka saba, ikatoka nje. Wiki ya tatu mikono ilivimba, yote miwili, kwa utaratibu, kama mtu anayehamia na mizigo yake. Asubuhi zikarudi kuwa ndefu. Vifungo vikamshinda. Kikata kilimponyoka mara mbili, akakiacha mezani. Ilimuuma na kumtisha, ila kwa mara ya kwanza aliweza kuwatofautisha: huyu anakuja polepole na pande zote mbili, yule anavunja mlango mmoja tu.

Mwezi wa pili tangu aruhusiwe, Bwana Pole alimrudishia vidonge vya Ijumaa, viwili tu, kwa kuanzia.

Mama Vioo aliviweka juu ya meza ya jikoni Ijumaa hiyo, saa mbili asubuhi, na glasi ya maji. Saa tatu vilikuwa bado pale. Kila alipounyoosha mkono aliishia kuigusa glasi. Alikuwa amekwisha kuona vidonge hivyo vinafanya nini: aliviona kwenye kitambaa kilicholowa, kwenye barakoa ya muuguzi. Asipovinywa, vidole vitakwenda vilikokwenda vya mama yake. Akivinywa, labda damu itasahau tena kuganda. Alikaa kati ya hofu mbili na hakuona ya kuegemea.

Wifi aliingia bila kubisha, kama desturi yake, akaona hali ilivyo. Alivuta kiti.

"Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Daktari kasema vingapi?"

"Viwili."

"Hapo mezani ni vingapi?"

"Viwili, wifi. Sijasahau kuhesabu. Naviogopa tu."

"Basi viogope. Nani kakukataza? Ogopa huku unameza, mimi nipo, nitakutazama mpaka nichoke kukutazama."

Alimeza kimoja. Akapumua. Akameza cha pili, akamaliza maji yote. Kutwa nzima alikuwa akijikagua mdomo kwenye kioo, ulimi nje, akitafuta kidonda. Wifi alimwambia akiendelea kumtolea mteja ulimi, watafunga biashara. Jumatatu alipimwa damu. Alikaa kwenye benchi, akaitwa, akasimama akakosea mlango. Chembe zilikuwa salama. Figo zilikuwa salama. Hakujua la kufanya na habari hiyo. Alisema asante mara nne, akarudi kukaa kwenye benchi, mpaka muuguzi akamkumbusha kwamba amemaliza.

Kliniki sasa ilimpa vidonge vya wiki nne tu kwa safari moja, na nyumbani kopo likakaa kwa wifi. Kila Ijumaa lililetwa.

Mwaka umepita. Mikono imelegea tena, si kama zamani. Vioo vya milango na madirisha makubwa wifi ndiye anayekata, na ameharibu vichache kabla ya kuujua mkono. Mama Vioo anakata vya picha na vya meza ya kujipambia, ameketi, mchana mwanga ukiwa mzuri. Gauti imemrudia mara mbili, mara zote mbili miezi ya mwanzo, kama daktari alivyomwonya. Mara ya pili ilimshika kifundo cha mguu akiwa na mteja dukani. Uso ulimbadilika rangi, akaomba radhi, akaingia nyuma ya pazia. Mikono ilikwenda yenyewe kutafuta kopo ambalo halikuwepo. Akasimama hapo akihema, akaitazama mikono yake, wa kulia kisha wa kushoto. Haikuwa imevimba. Akachukua simu.

"Kliniki ya maungio," sauti ya muuguzi ikasema.

"Ni mimi, wa vioo," Mama Vioo akasema. "Kifundo cha mguu. Kimoja tu, kimekuja ghafla, kina moto. Sijanywa kitu chochote. Naogopa sana. Nifanye nini?"

"Subiri hapo hapo, mama. Namwita daktari."

Akasubiri, mguu mmoja juu ya ndoo iliyogeuzwa, simu sikioni, huku upande wa pili wa pazia mteja akimuuliza wifi kama kioo chake kitakuwa tayari leo.